Kabla ya kuishusha pikapu ya mzee, hesabu kwanza mabamba yake

NAIROBI ni jiji la kuinua magari, si la kuyashusha. Nenda kwa fundi yeyote wa Kangemi, wa Kariobangi au wa Barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee wangali wakiiita Grogan, ujionee kazi zinazomjia. Huyu ameleta gari dogo kutoka Japani na anataka lipandishwe kwa vipande vya raba ili lisikwaruze matuta. Yule anataka pikapu yake iongezewe bamba moja la springi nyuma, kwa kuwa mvua za masika zimekaribia na barabara ya kwao mashambani itageuka kinamasi. Mwenye gari la chini huonewa huruma kama mtu aliyevaa viatu vya harusi kwenye tope.

Ndiyo maana fundi huweka spana chini na kukuna kichwa anapojiwa na kijana mwenye ombi la kinyume. Kijana huyo ana pikapu kuukuu ya familia, pengine Peugeot 504, pengine Datsun 1200. Anataka kuifufua. Bodi ipigwe rangi upya, injini ifunguliwe, viti vishonwe. Halafu, anaongeza kwa sauti ya chini kidogo, anataka ishushwe, tairi zikaribie ukingo wa bodi na gari zima likae kama paka anayenyatia.

Mtaa kama Loresho ni mahali pa kutarajia kijana wa namna hii. Loresho iko magharibi mwa jiji, kati ya Waiyaki Way na Lower Kabete Road. Ni mtaa wa viwanja vipana na miti mirefu, na penye ua mpana gari la zamani haliharakishwi kwenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Husukumwa tu hadi chini ya mti, likafunikwa turubai, na miaka ikapita. Ng'ambo ya Waiyaki Way ni Kangemi, ambako mafundi hawakosekani. Basi gari lipo, fundi yupo, na kijana ana likizo ndefu ya chuo. Kinachokosekana aghalabu ni idhini ya mzee.

Makala haya hayakusudii kumwambia mzee akubali wala kijana akome. Yanakusudia kuonyesha jambo ambalo familia nyingi hazilijui. Mara nyingi baba na mwana hubishana juu ya kimo ambacho gari hilo halikuwa nacho lilipotoka kiwandani.

GARI LILILOLIPA KARO

Ili kumwelewa mzee, ni lazima kwanza kuielewa pikapu yenyewe. Peugeot ilijijengea jina hapa kwetu kwa vumbi na matope. Peugeot 404 ilishinda mbio za Safari mara nne, yaani mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika mashindano ya 1963 na ya 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Ndugu yake, 504, iliyozinduliwa Ufaransa mwaka 1968, ilishinda Safari mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, na tena mwaka 1978, Jean-Pierre Nicolas akiwa usukanini. Datsun nayo haikubaki nyuma. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda aliyeiendeshea Kenya, alishinda Safari mara tano, zote akiwa katika magari ya kampuni hiyo: mwaka 1973, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982.

Baba wa familia aliyesimama kando ya barabara wakati wa Pasaka akitazama magari hayo yakipita hakuwa na uwezo wa kununua gari la mbio. Lakini pikapu yenye nembo ileile aliiweza, kwa mkopo au kwa kuuza kahawa. Pikapu za 504 ziliunganishwa hapahapa nchini, katika kiwanda cha Associated Vehicle Assemblers kule Mombasa, na zilibeba kila kitu. Zilibeba maziwa na kabeji, viazi na saruji, wagonjwa, maharusi na majeneza. Mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta aliporuhusu matatu zibebe abiria bila leseni maalumu ya uchukuzi, pikapu nyingi za wakati huo zilifungwa vibanda na mabenchi mawili nyuma. Abiria waliketi wakitazamana, magoti kwa magoti.

Kwa mzee aliyekuwa na gari kama hilo katika miaka ya 1980, pikapu ni daftari la maisha. Safari ile ililipa karo ya kifungua mimba. Hii ilinunua mabati ya nyumba. Nyingine ilimfikisha mama hospitalini usiku wa manane. Akisikia neno "kushusha", masikioni mwake linasikika kama "kukata miguu".

Mwana naye alipopata akili alilikuta gari tayari liko chini ya mti. Hakuuona mzigo. Anachokiona ni umbo: boneti iliyonyooka, taa za mbele zinazokutazama, na mstari wa bodi unaotoka mlangoni hadi nyuma bila kukatika. Kwake, kulifufua gari hilo ni kulipa heshima ambayo halikuwahi kupewa lilipokuwa likichapa kazi.

Baba atauliza, "Sasa kijana wangu, hilo litabeba nini tena?" Mwana atajibu, "Baba, halitabeba kitu. Limebeba vya kutosha." Kila mmoja ana haki yake, na hapo ndipo mazungumzo hukwama mezani, mama akabaki kukusanya vikombe.

KIMO HIKI NI CHA NANI?

Kabla ya yeyote kushika spana, na waende wote wawili wainame nyuma ya gari. Huko watakuta springi za mabamba, yaani vipande virefu vya chuma vilivyopinda kidogo na kupangwa kimoja juu ya kingine, kirefu zaidi kikiwa kile kinachoshika chasisi kwa ncha zake mbili. Mabamba hayo hufungwa pamoja kwa bolti ya katikati, kisha fungu lote hukazwa kwenye ekseli kwa bolti zilizopinda mfano wa herufi U.

Sasa wahesabu mabamba, upande mmoja baada ya mwingine. Si ajabu wakagundua kwamba yapo mengi kuliko yale yaliyoandikwa katika kitabu cha ufundi cha gari hilo. Pikapu iliyofanya kazi Kenya kwa miaka 20 ni nadra iwe na springi zake za awali. Ilipoanza kukaa chini kwa uzito wa magunia, mwenyewe aliipeleka kwa fundi ikaongezwa bamba. Baada ya miaka michache likaongezwa jingine. Leo gari likiwa tupu limeinua nyuma kama panzi, na mzee, kwa kulizoea hivyo, anaamini kwamba hicho ndicho kimo chake halali.

Dalili za bamba la kuongezwa hazifichiki. Huwa na unene au upana tofauti na wenzake. Pengine ncha zake zimekatwa kwa moto na hazikulainishwa. Pengine limenyooka ilhali mengine yamepinda. Bolti za U nazo huwa ndefu kuliko kawaida, au mpya upande mmoja na kuukuu upande wa pili. Kuna magari ambayo yamewekewa hata kipande kizima cha chuma kati ya springi na ekseli ili kuyainua zaidi.

Hapa ndipo ugomvi wa baba na mwana unapoanza kulegea. Kijana anayetaka kufufua gari la zamani kwa dhati hana budi kuanza kwa kulirudisha lilivyokuwa. Akiondoa mabamba yasiyo ya kiwandani, gari litashuka. Litashuka bila kukatwa chochote, na litashuka hadi pale wahandisi wa Ufaransa au Japani walipokusudia likae. Mzee hawezi kulalamika kwamba gari lake limeharibiwa, kwa sababu limerudishiwa umbo alilolinunua nalo. Na mara nyingi kijana mwenyewe, akilitazama kutoka kando, huona kwamba theluthi mbili za alichokuwa akikitaka amekwisha kukipata.

BREKI HAZIDANGANYIKI BURE

Kimo cha gari si suala la macho pekee. Kinahusu uhai. Pikapu hutengenezwa kwa maisha mawili, ya kuwa tupu na ya kuwa na mzigo. Ikiwa tupu, nyuma yake ni nyepesi mno, na breki zikishika kwa nguvu magurudumu ya nyuma hufunga na gari likazunguka kama pia. Ikiwa na mzigo wa tani moja hivi, nyuma huwa nzito na huhitaji breki kali zaidi.

Kwa sababu hiyo, pikapu nyingi zina vali ndogo chini ya chasisi, iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo au springi nyembamba. Nyuma ya gari ikishuka kwa uzito, fimbo hiyo husukuma vali, nayo huruhusu mafuta mengi zaidi ya breki yaende nyuma. Nyuma ikipanda kwa kuwa gari ni tupu, vali hupunguza. Haina macho ya kuona magunia. Inachopima ni kimo peke yake.

Sasa fikiria pikapu iliyoshushwa nyuma bila vali hiyo kurekebishwa. Gari ni tupu, lakini vali inaamini kuna mzigo, kwa hivyo inatuma breki kali kwenye magurudumu mepesi. Siku ya mvua, kwenye mteremko, dereva akikanyaga ghafla, nyuma itamtangulia.

Lakini mzee asicheke mapema. Pikapu iliyoinuliwa kwa mabamba ya ziada ina kasoro ileile iliyogeuzwa. Hata ikiwa imejaa saruji, nyuma yake haishuki vya kutosha, na vali inaamini ni tupu. Breki za nyuma zinakuwa goigoi wakati hasa zinapohitajika. Huenda ndiyo sababu moja ya zile pikapu kongwe zilizohitaji dereva akanyage breki kwa miguu miwili akiteremka na mzigo. Kwa hivyo kijana anayetaka kimo cha kiwandani kirudi anaweza, kwa ushahidi, kumwambia baba yake kwamba anatengeneza breki.

Bila shaka vali yenyewe ni lazima ikaguliwe. Baada ya miaka 30 au 40 nyingi zimeganda kwa kutu, na nyingine zilishaondolewa kabisa na fundi aliyeona zinamsumbua.

MBELE: MSUMENO NA MOTO

Mbele ya 504, na pia ya Datsun 1200, mambo ni tofauti. Kuna springi za mzunguko, zile zinazofanana na nyoka aliyejiviringa, na katikati ya kila moja imesimama shoki, yaani bomba la mafuta linalolizuia gari lisirukeruke. Kijana mwenye haraka hapa hushawishika kufanya mambo mawili mabaya.

La kwanza ni kupasha springi moto kwa gesi ili ijikunje yenyewe kwa uzito wa gari. Gari hushuka kweli, tena kwa dakika chache. Lakini chuma cha springi ni chuma kilichopikwa kwa ustadi. Hupashwa moto, kikapozwa ghafla, kikapashwa tena kwa kiasi, ndipo kikapata ile tabia ya kupinda na kurudi. Moto wa gesi unaivunja tabia hiyo mahali ulipogusa. Springi hubaki na sehemu laini na sehemu ngumu, na haijulikani ni tuta gani litakaloivunja. Mzaha mzaha, hutumbua usaha.

La pili ni kukata mzunguko mmoja au miwili. Hili lina hesabu yake, na wanafunzi wa fizikia wataifahamu. Kadiri mizunguko inavyopungua ndivyo springi inavyokuwa ngumu. Springi yenye mizunguko minane inayofanya kazi, ukiikata miwili, inakuwa ngumu kwa theluthi moja zaidi ya awali. Kila jiwe la barabarani litafika kiunoni. Zaidi ya hayo, springi iliyokatwa inaweza kuwa fupi mno kiasi kwamba gari likiinuliwa kwa jeki, au gurudumu likitumbukia shimoni, itatoka kwenye kiti chake. Inaporudi, hakuna uhakika kwamba itakaa ilipokuwa.

Njia ya salama ni kutafuta springi fupi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, pamoja na shoki zinazolingana nazo. Shoki ya kawaida kwenye gari lililoshushwa hufanya kazi ikiwa imekwisha kubanwa nusu, na raba inayozuia chuma kugonga chuma hupigwa kila mara hadi ikaisha. Baada ya springi kubadilishwa, magurudumu lazima yapimwe upya yakae sawa, kwani gari likishuka mbele, juu ya tairi huinamia ndani na vyuma vya usukani hubadilisha pembe. Asiyefanya hivyo atanunua tairi kila baada ya miezi michache, na usukani utakuwa ukimvuta kwenye kila bonde.

NYUMA: NJIA TATU

Tuseme mabamba ya ziada yameondolewa, na kijana bado anataka kushuka kidogo zaidi. Mafundi wana njia tatu.

Njia ya kwanza ni kupunguza bamba la kiwandani. Ni rahisi, lakini ina gharama iliyofichika. Ikiwa springi ina mabamba matano ya unene mmoja, kuondoa moja ni kupoteza takriban sehemu moja kwa tano ya nguvu yake. Gari hilo lisibebe tena mzigo wa zamani. Kijana akisahau, rafiki akaomba kuhamishiwa nyumba, bamba kuu linaweza kukatika njiani, na bamba kuu ndilo linaloshikilia ekseli isitoke chini ya gari.

Njia ya pili ni kumpelekea mtaalamu wa springi ayanyooshe mabamba, yaani apunguze ule upinde wake. Kazi hii ikifanywa taratibu kwa mashine, bila moto, mabamba hubaki na nguvu zake nyingi. Ikifanywa kwa moto bila kuyapika upya, ni yaleyale ya gesi tuliyoyataja.

Njia ya tatu ni ya kipande cha chuma kati ya springi na ekseli. Hapa msomaji awe makini, maana wengi hukosea. Ikiwa ekseli imelala juu ya springi, kipande hicho huisukuma springi chini, na bodi huifuata. Lakini ikiwa springi ndiyo iliyo juu ya ekseli, kipande kilekile kitaliinua gari badala ya kulishusha. Kwa hivyo chungulia kwanza. Kipande kiwe kimoja, cha chuma kizima, chenye tundu la kushika kichwa cha bolti ya katikati. Visipangwe viwili kama matofali. Bolti za U ziwe mpya na za urefu unaofaa, kisha zikazwe tena baada ya siku chache za kuendesha.

Katika njia zote tatu, pembe ya ekseli hubadilika, na propela inayopeleka nguvu nyuma inaweza kuanza kutetemeka. Mtetemeko unaosikika kiti kikipiga mgongo kwa mwendo wa kilomita 60 au 70 kwa saa si jambo la kuzoea. Ni gari linaloomba kurudishwa gereji.

Kabla ya yote hayo, kuna kazi ya daftari. Weka gari mahali tambarare, tairi zikiwa na upepo sawa, kisha pima kwa futi kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake. Andika vipimo vinne. Pima tena baada ya kila hatua. Mali bila daftari, wahenga walisema, hupotea bila habari, na kimo cha gari ni mali pia.

WALIOANZA MCHEZO HUU

Kijana atasema kwamba Marekani magari hushushwa hadi kugusa lami. Ni kweli, lakini na asikilize hadithi nzima. Mchezo huo ulikuzwa na vijana wa asili ya Mexico katika jimbo la California, hasa Los Angeles, baada ya Vita Vikuu vya Pili. Hawakuwa matajiri. Walinunua magari makuukuu na, kwa kuwa hawakuwa na vifaa, wengine walianza kwa kuweka mifuko ya mchanga nyuma ili gari likae chini. Gari la polepole na la chini, lililong'arishwa hadi likawa kioo, lilikuwa njia yao ya kusema kwamba nao wapo.

Serikali ya California haikufurahia. Sheria iliyoanza kutumika mwaka 1958 ilipiga marufuku gari ambalo sehemu yake yoyote ya bodi au chasisi iko chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Mwaka 1959, kijana mmoja aitwaye Ron Aguirre alipata jibu. Alifunga pampu za mafuta kwenye Corvette yake ili aweze kuiinua akimwona polisi na kuishusha akishapita. Marufuku hayo yalidumu kwa zaidi ya miaka 60, hadi sheria mpya ilipoyaondoa kuanzia Januari 2024.

Mambo mawili yanatufaa katika hadithi hiyo. Kwanza, waliobobea katika kushusha magari ndio waliolazimika kujifunza namna ya kuyainua tena. Pili, barabara zao zilikuwa lami tambarare. Kenya ilipata sifa kwa kinyume chake. Magari ya Safari yaliimarishwa na kuinuliwa, na mbio hizo ziliporejea kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, madereva walikutana tena na mchanga na mawe ya Naivasha. Hata bila kufika Naivasha, mwenye pikapu ya chini anayetoka Loresho atayapata matuta ya kutosha kabla ya kuifikia Waiyaki Way.

Kipimo cha busara ni rahisi. Tafuta tuta refu zaidi katika njia unayopita kila siku. Wapakie watu wawili, ujaze tangi, na ulipande polepole. Ikiwa egzosti au sehemu ya chini ya injini inagusa, gari limeshuka kupita kiasi, hata kama linapendeza machoni.

SHERIA NA BIMA

Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu gari lenye hali ya kuhatarisha watu kuendeshwa barabarani. Magari ya biashara hutakiwa kukaguliwa kila mwaka na Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, ambayo jijini ina kituo cha ukaguzi katika Barabara ya Likoni, Industrial Area. Afisa wa ukaguzi hatavutiwa na rangi mpya. Atatazama breki, usukani na vyuma vya chini, na springi iliyokatwa haina pa kujificha.

Kampuni ya bima nayo iarifiwe kwa maandishi juu ya kila badiliko. Ajali ikitokea na ikagunduliwa kwamba gari lilibadilishwa bila taarifa, familia inaweza kujikuta ikilipa hasara peke yake. Mzee ambaye jina lake ndilo lililo kwenye kitabu cha gari ndiye atakayeitwa, si kijana. Hili peke yake linatosha kumfanya kijana aombe idhini badala ya kungoja baba asafiri.

KUAMUA KAZI YA GARI

Baada ya vipimo na hesabu, linabaki swali ambalo fundi hawezi kulijibu. Je, gari hili litafanya kazi gani kuanzia sasa?

Ikiwa litabeba majani ya ng'ombe na mbolea, hata mara moja kwa wiki, libaki na springi kamili za kiwandani, wala lisishuke hata inchi moja chini ya hapo. Ikiwa litakuwa gari la Jumapili, la kwenda kanisani na kurudi, linaweza kushuka kidogo kwa njia za salama, lakini familia nzima ijue kwamba siku zake za mzigo zimekwisha. Na ikiwa ndoto ya kijana ni kulipeleka Ngong Racecourse, kwenye maonyesho ya Concours d'Elegance ambayo yamekuwa yakifanyika nchini tangu mwaka 1970, basi uasili una uzito wake. Huko gari hutazamwa nje, ndani na hata chini, na pikapu iliyo karibu zaidi na hali yake ya kwanza ina la kujivunia kuliko iliyokatwakatwa.

Ni vyema uamuzi huo ufanywe na wote wawili, gari likiwa mbele yao. Mzee ana kumbukumbu ambazo hazimo katika kitabu chochote. Anajua bamba lipi liliongezwa mwaka gani, na fundi gani, na kwa sababu ya mzigo upi. Kijana ana macho mapya, mikono yenye nguvu na subira ya kusugua kutu mchana kutwa. Gari la zamani halifufuki kwa kimoja bila kingine.

Na yale mabamba yatakayotolewa yasitupwe wala kuuzwa kwa kilo. Yapakwe grisi, yafungwe kwa gunia na kuwekwa stoo pamoja na bolti zake, yakiwa yameandikwa upande yalikotoka. Chuma kisichokatwa kinaweza kurudishwa mahali pake wakati wowote. Huenda mzee akanunua ng'ombe tena.